Nyuma ya Gereji

Redio ilipoanza kusoma habari za asubuhi, Shangazi alikuwa langoni akipokea watoto. Hakuwa shangazi wa mtu pale mtaani. Jina alipewa na watoto wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mama zao wakalichukua, wenye maduka wakalichukua, mwishowe hata mume wake akasahau kumwita vingine. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu. Mama mwenye kibarua alimletea mtoto na mkoba wa nguo na chupa ya maziwa, akaenda zake. Jioni alimkuta mtoto ameoga, ameshiba, anacheza. Kazi hiyo aliifanyia sebuleni na katika chumba cha pili cha nyumba yao ya kupanga, tangu wanawe wawili walipokua na kwenda kuanza maisha yao.

Barazani, redio ikiwa juu ya stuli, alikaa baba mkwe wake, Mzee Habari. Enzi ambazo nchi nzima ilikuwa na redio moja tu, sauti yake ndiyo iliyosoma taarifa ya habari. Wapo walioapa kwamba walijua kama habari ni ya msiba au ya neema kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuanza. Alifiwa na mke, akastaafu, akahamia kwa mwanawe, lakini sauti haikuzeeka pamoja naye. Hata akiomba chumvi mezani, ungedhani kuna tangazo la serikali.

Asubuhi ile msomaji alikuwa binti mwenye sauti ya haraka. Alisema wazazi wawe macho. Akataja mtaa wao. Katika nyumba moja ya kulelea watoto, nyuma ya gereji, mlezi huwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale mchana kutwa, naye apate kupumzika. Mtoto mmoja amefikishwa zahanati akiwa hajitambui. Ikafuata sauti ya mwanamke akilia: "Nilimwamini. Nilimkabidhi mwanangu kwa mikono yangu miwili." Kisha wakaingia kwenye michezo.

Nyundo za gereji zilikuwa zinagonga upande wa pili wa ukuta. Muuguzi, mama wa mtoto waliyemwita Kibonge, alikuwa amesimama langoni na sare yake imepigwa pasi. Kibonge alikwisha kunyoosha mikono kumwendea Shangazi, kama kila siku. Mama yake akamvuta nyuma taratibu, kama mtu anayeondoa sufuria jikoni bila kutaka imwagike.

"Nimekumbuka leo nina zamu ya usiku," alisema.

Alikuwa na mkoba wa kazini begani, na kwa haraka aliyoshukia kilima kuja pale, kila mtu angejua anawahi zamu ya asubuhi. Shangazi akabaki na mikono iliyofunguka, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaifutia kwenye kanga ingawa haikuwa na maji.

*

Kufikia mchana habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima na kurudi ikiwa imenenepa. Mwenye duka la mkabala alisema watoto walikuwa wawili. Msusi alisema mmoja amekufa. Waliokwisha kuwaacha watoto wao asubuhi walirudi kuwachukua, kila mmoja na sababu yake: huyu amefikiwa na dada yake kutoka mbali, yule amesimamishwa kazi ghafla, mwingine amegundua mtoto ana joto. Hakuna aliyetaja redio. Shangazi angependa hata mmoja amtukane, apate pa kuanzia. Lakini wote walikuwa wapole, wanamshukuru, wanamsalimia mzee barazani, wanafunga lango polepole nyuma yao.

Walibaki watoto wawili: mapacha wa mama muuza mitumba, ambaye hakuwa na redio, na hata angekuwa nayo hakuwa na pengine pa kuwapeleka.

Jioni mume wake alirudi kutoka karakana, ambako alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Siku nyingine angepiga mluzi tangu kona. Siku hiyo aliingia kimya, akanawa, akala, akanawa tena. Alipobanwa ndipo akasema kwamba vijana wa karakana walikuwa wakimtania kutwa. Mmoja alimwomba chupa ya dawa akamnyweshe mama mkwe wake. Wakacheka, naye akacheka nao, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamkaba mpaka sasa.

"Ulicheka," alisema mkewe.

"Ningefanyaje? Ningepigana na karakana nzima?"

Shangazi akageuka kwa baba mkwe. Aliishi naye mwaka wa tano sasa. Alimpikia, alimfulia, alimkata kucha za miguu alipokuwa hawezi kuinama. Akamuuliza, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, kama katika siku zote alizokaa barazani pale alipata kuona mtoto akinyweshwa kitu asichopaswa kunywa.

Mzee Habari akaupanga mkongojo wake ukutani, ukateleza, akaupanga tena.

"Mimi mchana husinzia, mkwe," alisema. "Siwezi kuapa juu ya nilichokifumbia macho. Lakini redio haisemi jambo hivihivi. Lazima kuna kitu."

Mumewe akainama kutazama sahani iliyokwisha kuwa tupu. Shangazi akasubiri aseme neno, hata neno dogo la kujaza nafasi. Halikuja. Akakusanya vyombo akaenda kuviosha nje, ingawa mabomba yalikuwa yamefungwa tangu alasiri na ilimbidi ateke maji ya pipa. Habari ya asubuhi ilimuuma, ndiyo, lakini ilitoka mdomoni mwa mtu asiyemjua. Hii ilitoka kwa mtu aliyekula uji wake asubuhi ileile.

*

Jumatano mume na mke walifunga safari kwenda kwenye kituo cha redio. Fundi aliomba ruhusa kazini, akavaa shati la mikono mirefu kuficha alama za cheche. Pengine alitaka kulipia kile kicheko, na mkewe alimwacha alipe.

Mapokezi alikaa msichana nyuma ya meza ndefu yenye maua ya plastiki. Aliwauliza wana ahadi na nani. Walipomweleza akawapa kiti, halafu akawasahau. Watu waliingia na kutoka, wengine wanacheka, wengine wana simu mbili mkononi. Redio yenyewe ilikuwa inasikika humo ndani kutoka darini, na Shangazi aliona ajabu kwamba kitu kilichofunga lango lake kilikuwa ni watu tu, wanakunywa chai na kuazimana chaja.

Mwishowe alitoka mhariri, mtu mnene mwenye uso wa huruma. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, jambo lililowapa moyo. Kisha akatoa simu yake, akawachezea ile habari tangu mwanzo, pale pale mapokezi, sauti ya yule mama akilia ikaenea ukumbini.

"Sasa niambie, mama. Ni wapi tumekutaja?"

"Nyuma ya gereji ni kwangu."

"Gereji ziko nyingi."

"Basi semeni ni ipi."

Mhariri akatabasamu kwa masikitiko. Alisema hilo litakuwa kuingilia uchunguzi, na kwamba kituo kinalinda vyanzo vyake, na kwamba wao walifanya makusudi kutomtaja mtu ili wasimdhuru yeyote. Alisema ndivyo maadili ya kazi yanavyotaka.

"Mngenitaja jina," alisema Shangazi, "ningekuwa na pa kusimama. Ningesema si mimi. Sasa nikianza kujitetea kabla ya kutajwa, si nimejitaja mwenyewe?"

Mhariri alikiri kwamba hilo ni wazo zuri, akamshauri aandike barua. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wa kuagana Fundi alipoona bango ukutani. Lilitangaza maadhimisho ya redio nchini, na katikati yake palikuwa na picha ya zamani ya kijana mwembamba mbele ya kipaza sauti kikubwa kama ngumi. Fundi, bila kukusudia lolote, akasema: "Yule ni baba yangu."

Mambo yakageuka papo hapo. Mhariri alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Soda zililetwa. Msichana wa mapokezi akasimama kuwapisha kwenye kiti kizuri zaidi. Ikaelezwa kwamba Jumamosi Mzee ndiye mgeni rasmi katika kipindi cha kumbukumbu, moja kwa moja hewani, kwamba gari litamfuata mlangoni, kwamba atatunukiwa cheti, na kwamba sauti yake itahifadhiwa kwenye maktaba ya kituo vizazi na vizazi. Wamsalimie sana.

Fundi aliinywa soda yake kwa sababu kuikataa kungekuwa ukorofi. Shangazi aliiacha ikatoa jasho mezani. Njiani mume alisema kwamba pengine Baba angeweza kusaidia, na mke akasema pengine.

*

Jambo la Jumamosi lilikuwa limejulikana nyumbani tangu wiki kadhaa nyuma. Mzee Habari alikuwa amenyolewa ndevu na kinyozi badala ya kujinyoa, na kila asubuhi alifanya mazoezi ya pumzi uani, akihesabu kwa sauti huku mapacha wakimwiga. Tangu astaafu hakuna aliyemwalika popote. Walimwita kwenye misiba tu, asome risala.

Shangazi alimwendea alipokuwa ananyoosha tai yake kwa kiganja. Hakupiga magoti wala hakulia. Alimwomba tu kwamba, akiwa pale mbele ya watu wote, aseme neno moja kuhusu ile habari.

"Haiwezekani," alisema mzee, kwa upole. "Kipaza sauti si mdomo wa mtu, mkwe. Ukikikalia ukasema ya nyumbani kwako, kesho utasema ya shamba lako, keshokutwa ya ugomvi wako na jirani. Nimesoma habari maisha yangu yote, sijawahi kusema 'mimi' hewani. Hata mama wa mumeo alipofariki nilisoma taarifa ya saa mbili usiku, nikaenda kuzika kesho yake. Hakuna msikilizaji aliyejua."

"Na huyu aliyesema ya nyumbani kwangu," aliuliza Shangazi, "kipaza sauti alipewa na nani?"

Mzee akaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Zamani karatasi ilikuja kutoka juu ikiwa imepigwa mhuri, wala msomaji hakuthubutu kuongeza hata nukta. Habari ilipita mikono mingi kabla ya kufika mdomoni. Siku hizi stesheni ni nyingi kama uyoga, kila moja inakimbizana na mwenzake, lakini bado ni kazi ya watu waliosoma, hawawezi kubuni tu.

"Na ile karatasi ya zamani, kama ilikosea?"

"Haikukosea."

Akaendelea kunyoosha tai. Shangazi alikuwa amefika mlangoni alipomsikia tena, kwa sauti ndogo isiyo ya kutangazia.

"Hakukuwa na redio nyingine ya kusema imekosea."

Shangazi akamtakia mapumziko mema. Hakumrudia tena kwa jambo hilo. Alimwekea chakula, akampashia maji, akamwitikia kila alipoitwa, lakini maneno aliyapima kama mtu anayegawa sukari ya mwisho.

Siku iliyofuata, mapacha walipokwisha kula na kutandikiwa, alimwona baba mkwe akiburuta kiti chake kutoka barazani. Alikiweka mlangoni mwa chumba cha watoto, akaketi, mikono juu ya mkongojo. Macho yalimlemea, mara mbili kidevu kilishuka na mara mbili akakiinua. Hakuondoka mpaka watoto walipoamka wenyewe, mmoja akimvuta mwenzake nywele. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Aliangalia maziwa yalivyochemshwa. Aliinuka kwenda kunusa vikombe. Aliuliza chupa ya juu ya kabati ina nini, akaambiwa ni mafuta ya taa, akaifungua akahakikisha.

Shangazi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Umekuwa mlinzi wangu, Baba?"

"Hapana," alisema Mzee Habari. "Natafuta habari. Sijawahi kuifanya kazi hii. Mimi nilikuwa msomaji tu."

Shangazi hakujua alichukulie vipi jibu hilo. Usemi ulikuwa wa heshima, kiti kilikuwa cha tuhuma. Akaenda kuanua nguo.

*

Jumamosi gari lilikuja kweli, jeupe, lina nembo ubavuni. Majirani walitoka kuangalia. Mzee akapanda na suti yake ya kustaafia, akapunga mkono kama anayesafiri mbali. Shangazi alimfunga kamba za viatu, akarudi ndani kufua. Hakutaka kusikiliza. Lakini mumewe aliwasha redio, na kwa maduka yote yaliyokuwa yamefungulia stesheni hiyo, mtu angelazimika kuhama mtaa asiisikie.

Kipindi kilianza vizuri. Mtangazaji, kijana mchangamfu, alimuuliza mgeni wake habari za mitambo ya kale, na Mzee akaeleza jinsi walivyosoma chumbani bila feni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho likidondokea karatasi mpaka wino unachanganyika, ikabidi msomaji akumbuke jina la waziri kwa kukisia herufi ya kwanza. Kijana akacheka sana. Fundi naye akacheka, akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mzee akaeleza jinsi kijiji kizima kilivyokusanyika kwenye redio ya mwalimu, na jinsi barua zilivyofika kwa magunia. Sauti ilikuwa ileile. Upande wa pili wa ukuta nyundo za gereji zilikuwa zimenyamaza.

"Kwa kumalizia, Mzee wetu," alisema kijana, "sisi vijana wa leo, wenye kompyuta na kila kitu, tujifunze nini kwenu?"

"Kwetu msijifunze sana," alisema Mzee Habari. "Sisi tulisoma tulichopewa. Mkitaka kuanza mahali, anzeni kwa kubisha hodi."

Kijana hakuelewa. Akacheka kidogo.

"Jumanne mlisoma habari ya mlezi, nyuma ya gereji. Napenda kumuuliza mwandishi, najua ananisikia: ulikwenda? Ulibisha hodi mlango gani?"

"Mzee, hilo lipo chini ya chumba cha habari..."

"Nakijua chumba cha habari, kijana wangu. Nilikuwamo kabla hakijawekewa kiyoyozi."

Shangazi alikuwa amesimama uani, shuka mkononi, maji yanamchuruzika miguuni.

"Mlezi huyo ni mke wa mwanangu," iliendelea sauti, bila haraka. "Nalisema hilo ili msikilizaji anipime, asiniamini kwa sababu ya sauti. Sauti nzuri si ushahidi. Nimekaa mlangoni pa chumba cha wale watoto, macho wazi, sikuona dawa. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba nimeishi naye, amenilisha, na nilipoulizwa juu yake nilisema sijui. Nilisema hivyo kwa sababu redio ilikuwa imesema. Sasa kama mimi, niliyekuwa ndani ya nyumba..."

Wimbo ukaingia. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, wenye gitaa jingi, na uliingia kwa nguvu kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Baada yake likaja tangazo la magodoro.

Fundi alikaa akiitazama redio. Kisha akainuka, akaenda uani, akalichukua lile shuka mikononi mwa mkewe. Wakalikamua pamoja, kila mmoja upande wake, wakalipindisha mpaka likaacha kutoa maji.

"Nilipaswa kulisema mimi hilo," alisema Fundi. "Siku ileile. Mezani."

"Ulipaswa," alisema mkewe.

Mzee alirudi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Gari lilikuwa limepata safari nyingine. Cheti hakuwa nacho, na yale mambo ya maktaba hakuna aliyeyataja tena. Walimshukuru kwa kufika, wakamwonyesha njia ya kutokea. Mwanawe alianza kumsifu, akamkatiza kwa kuinua kiganja.

"Nimevunja kanuni yangu," alisema. "Acheni nikae kwanza nione kama inauma."

Shangazi alimletea maji ya kunywa. Hakumwambia asante, kwani aliona ni neno dogo na pengine si lenyewe. Alichuchumaa akamfungua kamba za viatu, akamkung'uta vumbi.

*

Mwandishi alikuja mwanzoni mwa wiki, peke yake, bila kinasa sauti. Alibisha hodi mara tatu, akasubiri. Alikuwa yule yule binti wa sauti ya haraka, na ana kwa ana alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

Hakuzunguka. Alisema alimkuta yule mama kwenye lango la zahanati, akilia, akamrekodi. Yule mama alisema nyuma ya gereji. Binti akaandika nyuma ya gereji. Alisikia kwamba stesheni nyingine nayo ina mtu pale zahanati, na habari za asubuhi zilikuwa karibu. Baada ya kipindi cha Jumamosi alimtafuta yule mama tena akamuuliza ni gereji ipi. Ilikuwa gereji ya malori, ng'ambo ya barabara kuu. Mtoto amepona.

"Nilitaka niwe wa kwanza," alisema. "Basi."

Shangazi alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya siku kama hiyo. Badala yake akampitisha mpaka chumba cha watoto, akamwonyesha magodoro yaliyosimamishwa ukutani, ndoano za mikoba ambayo haikuwepo, mapacha wakigombania kifuniko cha sufuria. Binti akatazama kila kitu kwa makini, kama anayelipa deni kwa macho. Alipoondoka alimpa mkono Mzee Habari barazani, na Mzee akamwambia kitu ambacho Shangazi hakukisikia, ila alimwona binti akiinamisha kichwa.

Marekebisho yalisomwa mchana, si asubuhi, kati ya bei za mazao na matokeo ya mpira. Kituo kilipenda kufafanua kwamba nyumba iliyokusudiwa haikuwa ile iliyo karibu na gereji ya mtaani, na kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

"Usumbufu," alisema Fundi.

"Na wamefafanua," alisema baba yake. "Kufafanua si kusahihisha. Lakini msikilizaji atachukua alichopata."

Msikilizaji alichukua kidogo kidogo. Mchana watu wengi wako kazini, na waliosikia hawakuwa na mbio za kulieneza kama walivyolieneza lile la kwanza. Msusi alisema alijua tangu mwanzo. Mwenye duka akasema hapafuki moshi bila moto, lakini akamkopesha Shangazi sabuni. Baadhi ya kina mama walikwisha kupata walezi wengine wakabaki huko, na walipokutana naye njiani walimsalimia kwa furaha kupita kiasi. Wengine walirudi. Walirudi kama walivyoondoka, kwa upole, kila mmoja na sababu yake, na hakuna aliyetaja redio.

Muuguzi alirudi wa mwisho. Alimkabidhi Kibonge langoni pamoja na mkoba wake, akasema amekuwa mzito siku hizi, akasema atachelewa kidogo jioni. Kisha akasimama kana kwamba kuna neno limebaki. Mtoto alikuwa amekwisha kumshika Shangazi shingoni, amemwekea shavu.

"Haya," alisema muuguzi.

"Haya," alisema Shangazi, akafunga lango.

Siku ikaenda vizuri. Watoto walicheza, wakalia, wakala, wakamwaga, wakaogeshwa. Joto lilipokaza walitandikiwa, wakasinzia mmoja baada ya mwingine kama taa za nyumba zinavyozimwa. Kibonge alilala wa kwanza, mdomo wazi, kidole kimoja kimeshika upindo wa kanga ya Shangazi. Alipumua vizuri. Shangazi alihakikisha hilo, akageuka kukunja nguo, akarudi akahakikisha tena.

Ndipo akasikia sauti ya muuguzi huko nje, akimsalimia Mzee barazani. Alikuwa amewahi badala ya kuchelewa.

Shangazi hakuwaza. Alimwinua mtoto kutoka godoroni, akamtikisa. Kichwa kikaangukia bega, kizito, kitamu kwa usingizi. Akamtikisa tena. Akachovya kiganja katika maji ya ndoo akampaka usoni, akamwita jina kwa nguvu, na Kibonge akafumbua macho kwa mshangao mkubwa, akamtazama Shangazi wake, akaangua kilio.

"Vipi tena?" aliuliza muuguzi mlangoni.

"Hajambo," alisema Shangazi, akimpokeza mtoto harakaharaka. "Yuko macho. Unaona? Yuko macho kabisa."

Muuguzi alimtazama yeye, akatazama maji yanayotiririka kwenye mashavu ya mwanawe, akaelewa. Akambembeleza mtoto, akaondoka naye, kilio kikafifia taratibu kuelekea barabarani.

Mzee Habari alikuwa ameinuka barazani, amesimama kwenye kizingiti na mkongojo wake.

"Ungemwacha alale, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

"Najua, Baba."

Ndani ya chumba wale wengine walikuwa wamelala bado, mmoja kauma ngumi yake, mwingine kajifunika uso. Palikuwa kimya, hata nyundo zilikuwa zimepumzika. Shangazi akaketi sakafuni katikati yao, akaikalia mikono yake yote miwili isije ikamwamsha mwingine, na masikio akayaelekeza langoni.